Lubumbashi: Kabla ya kununua Mercedes SL ya paa la kukunja

Mercedes SL ya mwaka 2003, ambayo paa lake la chuma hufunguka kwa sekunde 16, siku hizi huuzwa kwa bei ndogo sana kuliko ilipokuwa mpya. Bei ya spea haikushuka nayo.

Tuanze na breki. SL za kabla ya 2006 zina breki za umeme, SBC, zinazohesabu kila unapokanyaga. Hesabu ikitimia, taa nyekundu huwaka na kifaa kizima hubadilishwa. Kikigoma safarini, hubaki breki za mbele tu, na pedali huwa nzito. Hebu fikiria hilo kwenye barabara ya Kasumbalesa, nyuma ya lori la shaba!

SL 500 haitegemei springi za chuma pekee. Springi zake husukumwa na mafuta yenye shinikizo. Ukiikuta asubuhi imelala upande mmoja, ujue yanavuja, na pampu hulipwa kwa dola.

Mvua za Novemba nazo hujaza maji kwenye buti ikiwa vumbi limeziba njia zake, na humo ndimo vilimo vifaa vya umeme. Nyanyua zulia la buti kabla ya kulipa.

Anayeipenda kweli atafute SL 350 ya 2007 au baadaye, yenye springi za kawaida. Mbio zake ni pungufu, lakini fundi wa mtaani anaiweza.