Ulaini wa Seli Nyekundu

Seli nyekundu ya damu ina upana wa karibu mikroni 8, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Mishipa midogo kabisa ambamo inapaswa kupita haifikii upana huo: mingi ina mikroni 5, mingine hata 3. Katika bandama kazi huwa ngumu zaidi, kwa sababu huko seli hupenya nyufa zisizozidi mikroni moja. Inafanya hivyo kwa siku 120 hivi, bila kiini na bila uwezo wa kujitengeneza upya, kisha mwili huiondoa. Kitu kigumu cha ukubwa huo kingekwama mahali pa kwanza. Kimiminika kisicho na ganda kingechanganyika na plazima na kupotea. Seli nyekundu haimo katika kundi lolote kati ya hayo mawili, na elimu inayoshughulika na vitu vya aina yake huitwa fizikia ya maada laini. Humo mna jeli, povu, maziwa, gundi, rangi za kupaka ukuta, na karibu kila kinachounda mwili wa kiumbe hai.

Kinachoviunganisha vitu hivi ni nishati. Katika halijoto ya mwili wetu molekuli hazitulii kamwe. Zinagongana bila kukoma, na kiasi cha nishati katika kila gongano ni cha kiwango ambacho wanafizikia hukiandika kT, yaani karibu jouli 4.3 × 10⁻²¹. Ni kiasi kidogo mno. Bamba la chuma halina habari nacho, kwa sababu kulipinda hata kidogo kunahitaji nishati kubwa kupita kT kwa mabilioni ya mabilioni. Maada laini ni ile ambayo gharama ya kubadili umbo lake ni kT chache, au makumi, au mamia. Kwa hiyo joto tupu, lile lile linalotufanya tuwe na nyuzi 37, linatosha kuitikisa. Ukitaka kuelewa seli nyekundu, swali la kuuliza ni hili: kupinda utando wake kunagharimu kT ngapi?

Tuanze na utando wenyewe. Mwaka 1925 huko Leiden, Uholanzi, daktari wa watoto Evert Gorter na mwenzake François Grendel walitoa mafuta ya utando wa seli nyekundu kwa kutumia asetoni, wakayatandaza juu ya maji mpaka yakawa tabaka lenye unene wa molekuli moja, kisha wakapima eneo lake. Lilikuwa mara mbili ya eneo la uso wa seli walizoanza nazo. Wakahitimisha kwamba utando ni tabaka mbili za molekuli zilizopeana migongo, vichwa vinavyopenda maji vikiwa nje na mikia inayoyakimbia ikiwa ndani. Baadaye ilibainika kwamba asetoni haikuwa imetoa mafuta yote, na kwamba hata eneo la seli walikuwa wamelikadiria chini ya lilivyo. Makosa mawili yakafutana, na jibu likabaki sahihi hadi leo.

Unene wa tabaka hizo mbili ni nanomita 4 hadi 5, yaani seli ni pana kuliko unene wa utando wake kwa zaidi ya mara 1,500. Molekuli zake hazikushikana. Kila moja huteleza na kubadilishana nafasi na jirani yake, kwa hiyo utando ni kimiminika kilichotandazwa. Ukiusukuma upande unatiririka. Ukiuvuta ili eneo lake liongezeke, unakataa, na kabla eneo halijaongezeka hata kwa asilimia 5 unachanika. Chini yake seli nyekundu ina wavu wa protini iitwayo spektrini, unaoirudisha kwenye umbo lake kila inapominywa. Basi eneo halibadiliki, na ujazo wa seli nao umefungwa na chumvi iliyomo ndani na nje. Kitu kimoja tu kimeachwa huru: kupinda.

Hapa hisabati ndogo inafaa kuliko maelezo marefu. Ujazo wa seli nyekundu ni karibu mikroni 90 za ujazo, na eneo la uso wake ni karibu mikroni 135 za mraba. Tufe lenye ujazo wa 90 lingehitaji eneo la 97 tu. Seli ina ziada ya eneo ya karibu asilimia 40, na ziada hiyo ndiyo chanzo cha uwezo wake wote. Mpira wa miguu uliojaa pumzi hauwezi kubonyezwa bila ngozi yake kuvutwa, lakini uliopungua pumzi unabonyea kwa kidole. Seli ikipoteza ziada hiyo, ama kwa kuvimba ama kwa kupoteza sehemu ya utando, inakuwa tufe, na tufe halipiti katika bandama.

Lakini kwa nini seli iliyopumzika ichukue umbo lile la kisahani kilichobonyea pande zote mbili, wakati kuna maumbo yasiyohesabika yenye eneo na ujazo uleule? Peter Canham alijibu mwaka 1970 kwamba seli huchagua umbo ambalo mpindo wake ni wa bei ndogo kuliko yote. Mwaka 1973 Wolfgang Helfrich aliliandika wazo hilo kwa namna ya jumla zaidi, na kanuni yake ndiyo inayotumika sasa kila mahali panapotajwa utando. Helfrich alikuwa ametoka kwenye kazi ya mbali kabisa na damu: miaka michache kabla, yeye na Martin Schadt walikuwa wamebuni huko Basel, Uswisi, namna ya kutumia fuwele za kimiminika kutengeneza skrini, ile iliyoenea baadaye katika saa na vikokotoo. Hesabu za fuwele hizo, ambazo molekuli zake hutiririka huku zikiwa zimeelekea upande mmoja, alizihamishia kwenye utando. Naona uhamisho huo kuwa mmoja kati ya mizuri zaidi katika fizikia ya karne iliyopita.

Kanuni yenyewe inaelezeka hivi. Kila nukta ya uso ina mipindo miwili, katika pande mbili zinazokatana kwa pembe mraba. Ijumlishe, zidisha jumla hiyo kwa yenyewe, zidisha tena kwa nusu ya namba moja inayoitwa ugumu wa mpindo, ambayo alama yake ni κ. Fanya hivyo kwa uso mzima na ujumlishe. Kwa utando wa mafuta κ ni karibu kT 20. Kwa seli nyekundu makadirio mengi yanafikia makumi kadhaa. Hebu tuijaribu kanuni kwenye tufe la nusukipenyo r. Kila mpindo ni 1/r, jumla ni 2/r, na kipeo chake cha pili ni 4/r². Eneo la tufe ni 4πr². Ukizidisha, r inafutika: gharama ni 8πκ, iwe tufe ni dogo kama kirusi au kubwa kama seli. Kukunja utando kuwa tufe kunagharimu kati ya kT 500 na elfu moja na kitu, bila kujali ukubwa wake. Joto peke yake haliwezi kutoa kiasi hicho kwa mkupuo mmoja, ndiyo maana seli hazijikatikatii zenyewe kuwa vipovu. Ila protini zinaweza kulipa gharama hiyo, na kimelea wa malaria pia anaweza. Nitarudi kwa kimelea.

Joto lisiloweza kukunja utando kuwa tufe linaweza hata hivyo kuutikisa. Tazama seli nyekundu chini ya hadubini nzuri, utaona ukingo wake unapepea. Mtafiti Browicz aliliona jambo hili huko Kraków mwaka 1890, na kwa miongo mingi watu walijiuliza kama ni dalili ya uhai. Mwaka 1975 Françoise Brochard na Jean-François Lennon walionyesha kwamba joto na mpindo vinatosha kueleza sehemu kubwa ya kupepea huko. Ukingo unaopepea unaweza kugawanywa kuwa mawimbi, marefu na mafupi, na kila wimbi hupata mgawo sawa wa nishati. Kimo chake hutegemea gharama ya kulifanya wimbi hilo. Mawimbi marefu huzuiwa hasa na mkazo wa utando, yaani jinsi ulivyotandazwa kwa kubana. Mawimbi mafupi huzuiwa na ugumu wa mpindo. Kwa hiyo mtu akirekodi video ya seli moja na kupima kimo cha mawimbi ya kila urefu, anasoma namba zote mbili, mkazo na ugumu, bila kuigusa seli hata kidogo.

Kipimo hicho ndicho kilichofika Kilifi. Pwani ya Kenya, kama ilivyo pwani yetu nzima na kandokando ya Ziwa Victoria, ni nchi ya malaria, na malaria imeacha alama katika damu ya watu wake. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba wenye nakala moja ya jeni ya selimundu wanakingwa dhidi ya malaria. Mwenye nakala mbili anaugua, na ugonjwa wenyewe ni wa maada laini tangu mwanzo hadi mwisho: himoglobini iliyopoteza oksijeni hujipanga kuwa nyuzi ngumu ndani ya seli. Nyuzi hazianzi papo hapo. Kuna muda wa kungoja, na muda huo hupungua kwa kipeo cha takribani 30 cha wingi wa himoglobini ndani ya seli. Hiyo ni namba ya kutisha. Seli ikipoteza maji kidogo na himoglobini ikakolea kwa asilimia 5 tu, muda wa kungoja unapungua hadi karibu robo. Seli iliyokuwa ipite salama hadi kwenye mapafu inakazika ikiwa bado katika mshipa mwembamba. Ndiyo maana mgonjwa wa selimundu anasisitiziwa kunywa maji.

Kuna kinga nyingine isiyojulikana sana. Kundi la damu la Dantu ni nadra karibu kila mahali duniani, lakini Kilifi karibu mtu 1 kati ya 10 ana nakala moja ya jeni yake. Nakala moja hupunguza hatari ya malaria kali kwa takribani asilimia 40. Nakala mbili hukinga hadi asilimia 70. Jeni hiyo imezaliwa kwa kuchanganyika kwa jeni mbili za protini za uso wa seli, glikoforini A na B, ambazo kimelea Plasmodium falciparum huzitumia kujishikiza. Maelezo rahisi yangekuwa kwamba mlango umebadilishwa kufuli. Mwaka 2020 Silvia Kariuki na wenzake, wa Kilifi na wa Cambridge, waliripoti jambo jingine. Walichukua damu ya watoto 42 wenye afya, wengine wakiwa na nakala mbili za Dantu, wengine moja, wengine bila, wakarekodi kupepea kwa seli zao na kimelea anapojaribu kuingia. Utando wa seli za Dantu ulikuwa na mkazo mkubwa zaidi. Kizingiti kilikuwa karibu nyutoni 3.8 × 10⁻⁷ kwa mita. Juu ya hapo uvamizi ulishindikana karibu kila mara. Na kilichonivutia zaidi ni kwamba hata kwa watoto wasio na Dantu, seli moja moja zilizokaza kupita kiwango hicho zilimshinda kimelea.

Mkazo huo ni mdogo ajabu. Uso wa maji una mkazo mkubwa kuliko huo kwa karibu mara 190,000. Unawezaje kumzuia kiumbe? Tulishaandaa hesabu. Ili aingie, kimelea lazima azungukwe na utando, na utando huo ukunjwe kumzunguka. Gharama ya mpindo ni 8πκ. Gharama ya mkazo ni eneo lake mara mkazo σ, yaani 4πr²σ. Hizo mbili zinalingana pale r inapokuwa kipeuo cha pili cha 2κ/σ. Ukiweka κ ya kT 20 na mkazo wa kizingiti cha Kilifi, unapata r ya karibu mikroni 0.67. Ukiweka kT 50 unapata mikroni 1.1. Kimelea anayevamia ana upana wa mikroni moja hadi moja na nusu, kwa hiyo nusukipenyo chake kinakaribia kiwango hichohicho. Chini ya kizingiti gharama kubwa ni ya mpindo, ambayo kila seli humtoza sawa. Kadiri mkazo unavyopanda juu ya hapo, ndivyo unavyoitawala bei. Hii ni hesabu ya haraka na haimtendei haki kimelea, kwa sababu ana mota yake mwenyewe ya aktini inayomsukuma ndani na hutoa vitu vinavyobadilisha utando anapouingia. Lakini inaeleza kwa nini nguvu ndogo hivyo si ya kupuuzwa.

Lipo pia jambo la kuangaliwa katika kipimo chenyewe. Kanuni ya mawimbi inadhania kwamba mtikiso wote ni wa joto. Mwaka 2016 Hervé Turlier na wenzake walionyesha kwamba katika mawimbi ya polepole seli hupepea kupita kiasi ambacho joto linaruhusu. Sehemu ya mtikiso inalipwa na chakula cha seli, kupitia molekuli ya ATP. Wale walioona uhai katika ukingo ule wakati wa Browicz hawakuwa wamepotea kabisa. Kwa hiyo mkazo uliosomwa Kilifi ni bora uchukuliwe kuwa namba ya kulinganishia seli na seli, na kwa kazi hiyo inatosha.

Kinachobaki sasa ni kujua mkazo wa seli ya Dantu unatoka wapi: kwenye wavu wa spektrini, kwenye glikoforini iliyoushika wavu huo, au kwenye ziada ya eneo iliyopungua. Swali hilo lina uzito wa tiba, kwa sababu dawa inayokaza seli kidogo ingemzuia kimelea kwa njia ambayo si rahisi kwake kuikwepa kwa kubadili protini moja. Kikwazo ni bandama, inayokamata kila seli isiyopinda vya kutosha. Watu wenye nakala mbili za Dantu wanaishi na seli nyingi zilizokaza kupita kizingiti, na bandama zao zinaziachia. Kwa hiyo kati ya mkazo unaomzuia kimelea na ule unaoikwamisha seli kuna nafasi, na upana wake unaweza kupimwa.