Kabla ya kuuza trekta kuukuu kwa kilo, soma namba zake

SEKENKE, wilayani Iramba mkoani Singida, inajulikana kwa mambo mawili: dhahabu na mlima. Dhahabu ilianza kuchimbwa hapo enzi za Wajerumani. Mwaka 1916, vita ikiwa imewabana, Wajerumani waliitumia dhahabu hiyo kufua sarafu za rupia 15 katika karakana ya reli mjini Tabora. Sarafu hizo, kiasi cha 16,000 tu, zina picha ya tembo, na pia zina herufi moja ndogo, T, inayoonyesha kwamba zilifuliwa Tabora. Herufi hiyo ndiyo cheti chao cha kuzaliwa.

Chuma cha shambani nacho kina cheti cha namna hiyo, ila wenye mali wengi hawajapata kukisoma.

Trekta kuukuu la Ford linapokaa uani mwaka wa tatu bila kuwaka, kuku wakitaga chini ya kiti, mnunuzi wa kwanza kubisha hodi huwa ni wa chuma chakavu. Yeye hahitaji kujua lilitengenezwa wapi wala lini, kwani analipa kwa kilo. Mwenye trekta ndiye anayehitaji kujua, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama spea zitapatikana, ni zipi, na kama fedha ya kulifufua itarudi kwa kulima alizeti au mpunga wa mbuga ya Wembere.

Ford ni kampuni ya Kimarekani, lakini si kila Ford ilizaliwa Marekani. Henry Ford alianza kutumia mkanda wa kuunganishia magari katika kiwanda cha Highland Park, Michigan, mwaka 1913, na gari lake la Model T, lililotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, lilifikia idadi ya zaidi ya milioni 15. Trekta la Fordson lilifuata mwaka 1917. Baadaye kampuni ikatawanya viwanda vyake, na mwaka 1964 ilipotoa matrekta mapya ya 2000, 3000, 4000 na 5000, aina hizo zilijengwa katika nchi tatu kwa wakati mmoja: Highland Park nchini Marekani, Basildon nchini Uingereza na Antwerp nchini Ubelgiji.

Namba za kufuatilia asili hiyo zimegongwa kwenye chuma chenyewe, sehemu bapa karibu na stata, nyuma ya injini. Mara nyingi zimefunikwa na grisi, vumbi na rangi ya miaka mingi. Zisafishwe kwa dizeli na brashi ya waya laini, wala zisipigwe jiwe la kunolea, kwani namba iliyosagwa inaweza kumletea mwenye mali maswali ya polisi.

Zikionekana, ni mistari mitatu. Wa kwanza ni namba ya aina ya trekta. Wa pili ni tarehe. Wa tatu ni namba ya trekta lenyewe, nayo huanza na herufi ya kiwanda: A ni Antwerp, B ni Basildon, C ni Marekani. Waingereza walikuwa na soko kubwa Afrika Mashariki, hivyo mkulima wa hapa asishangae akikutana na B kwenye trekta ambalo maisha yake yote ameliita la Kimarekani.

Mstari wa tarehe ndio wenye fedha ndani yake. Tuseme unasomeka 6K21A. Tarakimu ya kwanza ni mwaka, yaani 1966. Herufi inayofuata ni mwezi: A ni Januari, B ni Februari, na kuendelea hadi M ambayo ni Desemba, ila herufi I imerukwa, kwa hiyo K ni Oktoba. Namba 21 ni siku ya mwezi, na herufi ya mwisho ni zamu ya wafanyakazi. Trekta hilo lilikamilika Oktoba 21, 1966.

Kuna mtego hapo. Tarakimu ya mwaka haitaji muongo, hivyo 5 inaweza kuwa 1965 au 1975. Namba za vipuri husaidia kutatua. Kwenye vyuma vikubwa vya Ford, kama bloku na giaboksi, kuna namba zilizosubiwa zinazoanza mathalani na C5NN au D5NN. Herufi C ni miaka ya 1960, D ni ya 1970, E ni ya 1980. Tarakimu inayofuata ni mwaka, na N ya kwanza ni alama ya trekta. Lakini huo ni mwaka kipuri kilipochorwa, si kilipotengenezwa. Chuma chenye C5 kinaweza kukaa kihalali kabisa kwenye trekta la 1970. Chenye D5 hakiwezi kuwa kilitoka kiwandani na trekta la 1965, hivyo likikutwa nacho, ama trekta ni la 1975 ama kipuri kilibadilishwa.

Lugha hiyohiyo ndiyo wanayotumia Wamarekani wanaofufua magari ya kifahari ya zamani. Ford Mustang, lililoingia sokoni mwaka 1964 kama matrekta hayo, lina vipuri vya C5ZZ, Z ikiwa ndiyo Mustang. Namba ya gari lenyewe nayo ina herufi ya kiwanda: F ni Dearborn, R ni San Jose, T ni Metuchen. Huko, herufi hizo humsaidia mnunuzi kujua kama gari ni halisi au limeungwaungwa. Kwa mkulima wa Iramba zina kazi nyingine.

Chukua Ford 5000. Yaliyotoka kabla ya 1968 yana injini ya inchi za ujazo 233, pistoni zake zikiwa na upana wa inchi 4.2. Kuanzia mwaka huo injini ikaongezwa hadi 256, na pistoni zikawa za inchi 4.4. Jina kwenye boneti ni lilelile, 5000. Mtu akienda dukani Singida au Dar es Salaam akasema tu “nipe pistoni za Ford 5000”, anaweza kurudi na mzigo usioingia, nauli imekwenda na mvua haimsubiri. Isitoshe, injini hizo zilitoka kiwandani bila slivu. Fundi wa zamani huenda alichonga bloku na kutia slivu, kwa hiyo silinda ipimwe kwanza kabla ya kununua chochote.

Jambo jingine ni spana. Ford za miaka hiyo zina nati za inchi. Spana ya milimita 13 hucheza kwenye nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, na baada ya kulazimishwa mara mbili nati inakuwa duara na fundi anaomba patasi. Ile ya 19 inakaa vizuri kwenye robo tatu ya inchi, na hiyo ndiyo inayowadanganya mafundi kwamba zote zitakaa. Seti ya spana za inchi ni gharama, lakini inanunuliwa mara moja.

Kwa anayenunua trekta la mtu mwingine, namba ya chasisi na ya injini zilinganishwe na kadi ya usajili kabla ya kutoa hata malipo ya awali. Injini ikiwa ilibadilishwa bila kuandikishwa, muuzaji ndiye arekebishe kadi, tena kabla ya mauzo.

Wengi huanza ufufuaji na injini, kwa sababu mlio wake unafurahisha. Kwa mtu wa Sekenke huo ni mpango mbovu. Mlima huo, katika barabara ya Singida hadi Nzega, ulikuwa ukitajwa kwa ajali za malori kwa miaka mingi kabla ya lami, na mteremko haujali kama chombo ni cha Basildon au cha Highland Park. Breki za Ford hizi zina pedali mbili, moja kwa kila tairi la nyuma, ili kusaidia kukata kona shambani. Barabarani pedali hizo lazima zifungwe pamoja kwa komeo lake, vinginevyo tairi moja hushika na trekta linageuka. Komeo hilo ni kipande kidogo ambacho mara nyingi kimeshapotea, na fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza kwa muda mfupi. Tela lenye magunia na lisilo na breki zake husukuma trekta kutoka nyuma, hivyo gia ndogo iingizwe juu kabisa, kabla mteremko haujaanza.