Je, Wajua? Cheche ya Mkononi Hudanganya

Plagi inayotoa cheche safi mkononi mwa fundi yaweza kugoma kabisa ikirudishwa kwenye injini. Hewa iliyobanwa na pistoni huizuia cheche kuruka. Turbo huishindilia hewa hiyo zaidi, ndiyo maana mwanya wa plagi zake huwa mwembamba: mara nyingi milimita 0.7 au 0.8, sawa na unene wa kadi ya benki.

Betri ina volti 12 tu. Koili huzipandisha kupita 20,000! Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hudai cheche 100 kila sekunde.

Una gari la zamani lenye distributa, limelala uani Temeke au Kinondoni? Lichunguze usiku. Fungua boneti, zima taa, mwenzako apige stata. Vimulimuli vya buluu vikicheza juu ya waya, umeme unavujia njiani. Unyevu na chumvi ya upepo wa bahari huchangia. (Mikono mbali, tafadhali.) Kisha chomoa plagi, uinuse. Imelowa petroli? Mafuta yamefika, mshukiwa wa kwanza ni cheche. Ni kavu? Iache koili, kaikague pampu.

Na magari ya zamani yenye turbo si ya mchezo. Toyota Celica Twincam Turbo ilishinda Safari Rally mara 3 mfululizo: 1984 na 1986 usukani ulikuwa wa Björn Waldegård, 1985 wa Juha Kankkunen.