Mkuu wa TEHAMA na Haki ya Kusema “Bado”

Jumapili ya Aprili 22, 2018, benki ya TSB ya Uingereza ilifungua mfumo wake mpya, baada ya wikendi nzima ya kuhamisha kumbukumbu za wateja milioni 5.2. Data zenyewe zilihama salama. Kilichoyumba ni mfumo uliozipokea. Wateja hadi milioni 1.9 walishindwa kuingia katika akaunti zao mtandaoni, wengine wakaona akaunti zisizo zao, na matawini foleni zikarefuka. Huduma hazikutengemaa kabisa hadi Desemba.

Sababu ya kuhama ilikuwa ya haki. TSB ilikwisha kutengana na benki ya Lloyds, lakini bado ilikuwa ikilipa fedha nyingi kutumia mifumo ya Lloyds. Benki ya Sabadell ya Hispania, iliyoinunua TSB mwaka 2015, ilitaka ihamie kwenye mfumo uliotokana na ule wa Sabadell yenyewe. Benki inayotegemea mitambo ya mshindani haiwezi kubuni huduma kwa kasi inayoitaka. Kwa hiyo siwalaumu kwa kubadilika. Tatizo ni namna walivyobadilika.

Waliamua kuhamisha karibu kila kitu kwa mkupuo. Hitilafu ikitokea kwa wateja elfu tano, mafundi hupata nafasi ya kutafuta chanzo na kuwarudisha watu kwenye mfumo wa zamani. Ikitokea kwa milioni tano, simu za malalamiko hufika kabla chanzo hakijajulikana. Tena, kulikuwa na vituo viwili vya data vilivyotakiwa kufanana, lakini majaribio ya kuhimili mzigo yalifanyika katika kimoja tu. Tofauti kati yao zilijitokeza wateja wakiwa tayari ndani.

Nyuma ya haya yote kulikuwa na tarehe. Mpango wa awali wa Novemba 2017 uliposhindikana, ratiba mpya ilipangwa, na bodi haikuhoji vya kutosha kama ilitokana na ukubwa wa kazi iliyobaki. Mkuu wa TEHAMA, Carlos Abarca, alipokea hakikisho kutoka kampuni dada iliyojenga mfumo, bila kuhakiki vya kutosha kama nayo na wakandarasi wake walikuwa tayari kweli. Aprili 2023 msimamizi wa mabenki alimtoza yeye binafsi faini ya pauni 81,620. Naiona hukumu hiyo kuwa sahihi: kazi unaweza kumkabidhi mkandarasi, dhamana inabaki kwako.

Wahandisi wa Google wana utaratibu unaoweza kumsaidia mkuu wa TEHAMA kusema “bado”, nao ni bajeti ya hitilafu. Kampuni hukubaliana mapema kuwa huduma ipatikane, tuseme, asilimia 99.9 ya muda. Kwa siku 30, muda wa kukatika unaoruhusiwa ni dakika 43 hivi. Dakika hizo zikiwapo, timu inaruhusiwa kuleta mapya. Zikiisha, mapya yanasimama na nguvu zote zinaelekezwa kwenye kuimarisha. Hivyo idara ya biashara na idara ya mifumo haziamui tena kwa kushindana sauti, kwa sababu zinatazama namba moja. Na bajeti isiyotumika kabisa nayo ina ujumbe: huenda kampuni inaogopa kubadilika kuliko inavyopasa.

Kwetu Afrika Mashariki, ambako mtu hulipa nauli, umeme na ada kwa simu, uthabiti wa mifumo si jambo la mafundi peke yao. Wiki ya mishahara si wakati wa kugusa mfumo wa malipo, hata mkandarasi akibembeleza vipi.

Gharama ya kukosea si ndogo: TSB yenyewe ilitozwa faini ya jumla ya pauni milioni 48.65 Desemba 2022. Wajumbe wa bodi, kabla ya kuidhinisha tarehe ya kuhamia mfumo mpya, ulizeni mambo mawili na mtake majibu kwa maandishi: ni nani mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi usiku wa kuhama, na ni saa ngapi ya mwisho ambayo kurudi nyuma bado kunawezekana? Jibu lisipokuwepo, msisaini.