Sheria ya Mwaka Gani? Namna ya Kuitafuta Sheria Iliyotawala Jambo la Chama

Chama kimoja cha msingi kiligombea ghala na Halmashauri ya Kijiji chake. Ghala lenyewe lilijengwa mwaka 1978. Wajumbe wa Bodi walifika barazani na nakala ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, iliyopigiwa mistari kwa wino mwekundu. Wakaulizwa: mwaka 1978 sheria hii ilikuwa wapi? Hawakuwa na jibu.

Yafaa ieleweke kwamba haki iliyopatikana chini ya sheria iliyofutwa haipotei kwa kufutwa kwa sheria hiyo, ila kama sheria mpya imetamka vingine. Ndivyo isemavyo Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1. Kwa hiyo Katibu hana budi kuitafuta sheria iliyokuwa ikitumika siku jambo lilipotendeka.

Njia nyepesi ni kurudi nyuma. Karibu na mwisho wa kila sheria mpya kuna kifungu kinachotaja sheria inayofutwa. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya 2013 hukupeleka kwenye Na. 20 ya 2003, kisha Na. 15 ya 1991, Na. 14 ya 1982, Na. 27 ya 1968, hata kwenye sheria ya mkoloni ya 1932. Wala usitegemee maneno "Sura ya 211" peke yake, maana namba hiyo ilibebwa na sheria ya mkoloni, na katika Toleo la mwaka 2002 ikabebwa na Sheria ya 1991.

Lakini mnyororo huo una pengo, na humo ndimo Bodi ile ilimokwama. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa Na. 21 ya mwaka 1975 haimo katika orodha hiyo, kwani ilifutwa na sheria ya serikali za mitaa, Na. 7 ya 1982. Chini yake kijiji kilichoandikishwa kilihesabiwa chenyewe kuwa chama cha ushirika cha shughuli nyingi. Mwaka 1976 vyama vikuu navyo vikavunjwa.

Marekebisho nayo hujificha. Mengi hupitishwa katika Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, ambayo jina lake halitaji ushirika hata kidogo. Kanuni hutolewa kama Matangazo ya Serikali. Tarehe ya kuanza kutumika itazamwe katika Gazeti la Serikali, kwa kuwa kutiwa saini si lazima kuwe ndiko kuanza.

Toleo la Urekebu la mwaka 2023, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, laonyesha sheria ilivyo sasa. Halionyeshi ilivyokuwa, basi matoleo ya zamani yasichomwe wala kufungiwa vitumbua. Sheria nyingi zapatikana bila malipo katika tovuti ya TanzLII. Zisizopatikana humo zitafutwe katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo hupokea machapisho ya nchi kwa mujibu wa sheria, au katika Nyaraka za Taifa.

Shauri la ghala limeahirishwa. Bodi sasa inatafuta hati ya kuandikishwa kwa kijiji na mihutasari ya mikutano ya mwaka 1978.