Shahada ya filamu: Maswali ya mzazi wa Karagwe na Kyerwa kabla ya kulipa ada

Na Mwandishi Wetu

MZAZI wa Karagwe au Kyerwa anapoambiwa na kijana wake aliyehitimu kidato cha sita kwamba anataka kwenda chuo kikuu kusomea filamu, picha ya kwanza inayomjia ni mabanda ya video na waigizaji wa Bongo Movie. Swali linalofuata ni la haki kabisa: je, hilo nalo ni somo la kuuzia kahawa?

Katika wilaya hizi mbili za mkoa wa Kagera, ambazo zilikuwa moja hadi Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, kahawa ndiyo ada ya shule. Wapo wakulima ambao, kwa kubanwa na shida, waliuza kahawa ingali maua shambani kwa bei ya kutupa. Utaratibu huo, ujulikanao kama butura, ulipigwa marufuku na Serikali. Fedha iliyopatikana kwa jasho la namna hiyo haistahili kulipia masomo ambayo mlipaji hayaelewi.

Kinachofundishwa

Kwanza ieleweke kuwa shahada ya filamu si mafunzo ya kuigiza pekee. Mwigizaji ni mtu mmoja katika kundi kubwa. Mwanafunzi hujifunza kuandika mswada, kuongoza, kupiga picha, kupanga mwanga, kurekodi sauti na kuhariri. Hujifunza pia kazi isiyoonekana kwenye kioo: kupanga bajeti na ratiba, kuomba vibali na kusoma mikataba.

Juu ya hayo yapo masomo ya historia na nadharia, ambayo ndiyo hasa huitofautisha shahada na kozi fupi ya kamera. Msomi wa filamu nchini atakutana na mradi wa Waingereza wa mwaka 1935 hadi 1937, uliokuwa na makao yake Vugiri, Usambara, ambako wageni walitengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika namna ya kuishi. Ataifahamu Kampuni ya Filamu Tanzania iliyoanzishwa mwaka 1968, filamu ya Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985 na ile ya Maangamizi ya mwaka 2001. Atafika hadi Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi, na kuonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Shivji mwenyewe alisomea filamu katika Chuo Kikuu cha York nchini Canada.

Pa kusoma

Hapa nchini, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa shahada ya kwanza ya filamu na televisheni. Kwa kigezo cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu, mhitimu wa kidato cha sita anatakiwa kufaulu masomo mawili yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, kwa hesabu ambayo A ni pointi 5 na E ni pointi 1. Programu inaweza kuweka masharti ya ziada, hivyo ni busara kusoma mwongozo wa udahili wa mwaka husika.

Asiyefikia kiwango hicho anaweza kuanzia Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo chimbuko lake ni Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981. Stashahada nzuri humfungulia mtu mlango wa chuo kikuu. Kwa wakazi wa mpakani, Kampala ni karibu kuliko Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Makerere hufundisha shahada ya maigizo na filamu.

Deni na ajira

Mikopo ya elimu ya juu hurejeshwa. Mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi, na asiyeajiriwa naye hudaiwa. Hapa ndipo penye ugumu, kwa kuwa wahitimu wengi wa filamu hawapati mshahara wa kudumu. Huishi kwa kazi moja moja: tangazo leo, makala ya shirika kesho, harusi Jumamosi. Mzazi asidanganywe kwamba umaarufu unangoja mlangoni.

Hata hivyo, elimu hiyo inaweza kumkinga kijana na hasara ambayo mkulima wa Karagwe anaifahamu vizuri. Katika miaka ya soko la CD na DVD, watayarishaji wengi walimuuzia msambazaji filamu nzima pamoja na haki zake zote kwa malipo ya mara moja. Filamu ilipopendwa, faida ilikuwa ya mnunuzi. Hiyo nayo ni butura, tofauti ni kwamba kilichouzwa kikiwa maua hakikuwa kahawa. Anayeijua Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ana nafasi ya kukataa mkataba wa aina hiyo.

Hadithi za nyumbani

Mwaka 1861 msafiri Mwingereza John Speke alifika Karagwe, akapokewa na Mfalme Rumanyika. Sehemu kubwa ya yale ambayo dunia inayajua kuhusu ugeni ule ilitoka katika kalamu ya mgeni. Simulizi ya wenyeji, ya Bweranyange na watawala wake Wahinda, ingali inamsubiri mtu mwenye kamera na elimu ya kuitumia.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, mzazi amuulize kijana maswali matatu: ni kazi gani hasa kati ya hizo unataka kuifanya; umekwisha kutengeneza nini, hata kwa simu; na utaishi kwa njia gani kabla jina halijajulikana? Mwenye majibu asizuiwe. Asiye nayo apewe mwaka mmoja wa kuyatafuta, kuliko kuiuza kahawa ingali maua.