Kupanda Rabai kwa Miguu

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kusoma habari za Rabai, mji ulio juu ya vilima nyuma ya Mombasa, ya kuwa ndiko walikokaa Dr. Krapf na Bwana Rebmann. Wachache wameupanda mlima wenyewe. Sisi tuliondoka Mazeras asubuhi mapema, tukiongozwa na mzee mmoja mwenyeji. Njia hupita kati ya minazi, miembe na mikorosho. Wageni wa zamani hawakupita hapa. Walikuja kwa mashua wakifuata mkono wa bahari uingiao bara, ndipo wakaupanda mlima kutoka chini.

Nilidhani tutakwenda kwanza kanisani, lakini mzee alitusimamisha mbali kidogo, akatuonyesha mwitu mnene.

"Mwalimu, anza na kaya," akaniambia. "Hata Bwana Krapf alianza na wazee wa kaya."

Ni kweli. Mwaka 1846 wazee wa Rabai ndio waliowapa wamisionari ruhusa ya kukaa. Wasingalikubali, hapangalijengwa hata kibanda. Tangu mwaka 2008 kaya za Mijikenda, na hizi za Rabai pamoja nazo, zimo katika orodha ya urithi wa dunia. Hatukuingia, kwa kuwa kaya haiingiwi bila idhini ya wazee, nasi hatukuwa tumeiomba.

Nyumba za Krapf na Rebmann zipo hata leo, na kanisa la zamani limekuwa nyumba ya makumbusho. Hapa ndipo alipotoka Rebmann mwaka 1848, akauona mlima Kilimanjaro una theluji, na wataalamu wa Ulaya wakamcheka. Mwamini wa kwanza, Mringe, alikuwa kiwete. Alibatizwa mwaka 1851, naye alikufa mwaka uo huo. Krapf alirudi Ulaya, lakini Rebmann alibaki mpaka mwaka 1875, miaka 29. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia giza, naye Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai, akafuatana naye safarini mpaka Ulaya. Waamini aliowaacha walikuwa wachache sana.

Wageni wengi hutazama nyumba hizo mbili, kisha hushuka. Mzee hapendi jambo hilo, nami nakubaliana naye, kwani habari kubwa ya Rabai imo katika yale yaliyofuata.

William Jones alikamatwa na wafanya biashara ya watumwa alipokuwa mtoto, akaokolewa na manowari ya Waingereza, akasomeshwa Bara Hindi, akaja Rabai mwaka 1864. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimpa daraja la ushemasi, wakafunga safari pamoja kwenda Uganda. Askofu aliendelea mbele na watu 50. Jones akaachwa nyuma pamoja na wapagazi wengine. Katika wale 50 waliorudi ni wanne tu. Basi Jones akauongoza msafara uliosalia mpaka pwani, akaingia Rabai mwezi wa Februari 1886, mbele yake bendera ya buluu yenye neno moja la herufi nyeupe: ICHABOD. Ndilo jina alilopewa mtoto wa Finehasi siku lilipotwaliwa sanduku la Mungu.

Tukaupita uwanja, tukaingia kivulini. Mzee akasema, "Sasa nitawaambia habari za watoro."

Siku zile utumwa ulikuwa halali pwani, na misheni ilikatazwa kuwapokea watumwa waliowatoroka mabwana zao. Lakini walipanda mlima usiku, waume kwa wake, na Jones, aliyekuwa mtumwa naye, hakuweza kuwafukuza. Wakajenga, wakalima, wakafundishwa. Mwaka 1888 mabwana wao walidai warudishwe, na ilionekana kama vita vitatokea. Watoro katika vituo vya misheni walikuwa kama 1,400, na wengi wao walikuwa Rabai. Kuwatoa ni kuwarudisha katika minyororo. Kukataa ni kuhatarisha mji wote. Bwana Mackenzie wa kampuni ya Waingereza akakata shauri kuwalipa mabwana fidia, na mwanzoni mwa mwaka 1889 watoro wakapewa hati za uhuru. Sheria ya kuukomesha utumwa pwani ilikuja baadaye sana, mwaka 1907.

Tukamwuliza mzee kama amepata kuiona hati mojawapo. Akasema babu ya mama yake alipewa yake, akaiweka katika sanduku pamoja na Injili. Mchwa wakaila hati, wakaila na Injili. Lakini jina lililokuwa limeandikwa humo mama yake alilijua, akampa mtoto wake wa kwanza wa kiume, naye ndiye kaka yake mzee, aliyetukaribisha madafu mlangoni pake.